Nuka, Nukia, na Harufu Mbaya katika Kiingereza

Nilipokuwa mwalimu kijana nilialikwa chai nyumbani kwa bibi mmoja Mwingereza. Mle ndani mlinukia mdalasini na mikate iliyotoka jikoni wakati ule ule, nami nikataka kumsifu mwenyeji wangu kwa Kiingereza. Nikasema, “Madam, your house smells.” Bibi yule hakujibu neno, aliinuka, akaenda kufungua madirisha. Nilikuwa nimemwambia kwamba nyumba yake inanuka.

Chanzo cha kosa langu kimo katika tofauti ya lugha zenyewe. Sisi twasema kitu chanuka, au kitu chanukia, na ile irabu moja iliyoongezwa katikati yatosha kutenga uvundo na manukato. Mwingereza hana irabu hiyo. Ana “smell” tu, nalo likiachwa peke yake, bila neno la kulieleza, hufahamika kwa ubaya. Atakaye kusifu hana budi kuongeza: “smells good”, “smells sweet”. Tena neno hilo hilo hubeba kazi ya nusa, na kazi ya sisi tunaposema twasikia harufu. Kwa sababu hii wanafunzi wetu huandika “I hear a bad smell”, na Mwingereza hushangaa, maana kwake masikio hayana kazi katika jambo hili.

Kosa jingine ni “smells badly”. Mwanafunzi huwaza “yanuka vibaya”, akatafuta neno la kueleza kitendo. Lakini Kiingereza chataka hapa neno la sifa: “the meat smells bad”. Ukisema “the dog smells badly”, yuko atakayefahamu kwamba pua ya mbwa haifanyi kazi yake. Na pale tusemapo “ananuka samaki”, bila kiungo chochote, Mwingereza hutia “of”: “he smells of fish”.

Sasa tuyatazame majina. “Smell” ni neno la kila siku. “Odour” ni la kitabuni na la adabu. “Stench” ni uvundo mzito. Na “stink” ni uvundo pia, ila neno lenyewe ni kali, na mtu akiambiwa ananuka kwa neno hili ametukanwa. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katika Kiingereza cha kale, kabla ya mwaka 1100, asili ya “stink” iliweza kusemwa hata juu ya maua, na asili ya “stench” ilikuwa harufu yo yote. Maneno haya yaliharibika polepole, kama maziwa. Ukali wake waonekana katika jina walilolipa Waingereza joto la mwaka 1858, wakati mto Thames ulipojaa uchafu wa mji wa London hata wajumbe wa Bunge wakashindwa kuvumilia: waliliita “the Great Stink”. Wachungaji nao wafunguapo Yohana 11:39 wataona kwamba Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 yamtaja Lazaro kwa neno hili la “stink” bila kusita, hali tafsiri ya Marekani ya mwaka 1946 imechagua “odor”. Kiswahili kimebaki na nuka, wala hakuna aonaye haya.

Baada ya majina huja sifa, na hapa ndipo penye kazi, kwa kuwa kila sifa ina kitu chake. “Musty” ni harufu ya nguo zilizofungiwa sandukuni, au vitabu vilivyoshika unyevu na koga. “Rancid” ni ya mafuta, samli na siagi zilizokaa mno. Wanafunzi hupenda kusema “sour butter”, lakini “sour” ni ya maziwa na vyote tunavyosema vimechacha. “Putrid” ni ya nyama iliyooza. “Acrid” ni ya moshi unaokereketa koo.

Kwa samaki sisi ni matajiri kuliko wao: tuna shombo, tuna vumba, wao husema “fishy” tu. Mwalimu ajihadhari nalo, maana “a fishy man” si mvuvi, ni mtu wa kushukiwa. Kutuzi, au kikwapa, huitwa “body odour”, na watu wenye adabu hawalitamki mbele ya mwenyewe.

Liko na neno la kutega: “noisome”. Halina undugu na kelele, bali na “annoy”, yaani kuudhi. Zamani lilikuwa na maana ya kudhuru, baadaye likaelekea zaidi kwenye uvundo. Limo katika Zaburi ya 91 ya ile Biblia ya 1611, na mwanafunzi wangu mmoja alilifasiri kuwa ni tauni yenye makelele.

Katika kufundisha, orodha ubaoni haikunifaa. Nilileta darasani ng’onda, kitabu kilicholoa mvua, samli ya zamani na kikombe cha maziwa yaliyochacha. Watoto wakafumba macho, wakanusa, wakataja. Kisha kila mmoja akaandika barua kwa bwana afya juu ya mtaro ulio nyuma ya shule. Watatu waliandika “stink”. Niliwarudishia waandike “an offensive smell”, ndipo barua moja ikapelekwa.