Siti Inayoshuka, Waya Usioonekana

Tarehe 19 Machi 2022, Matej Mohorič wa Slovenia aliteremka kilima cha Poggio kwa kasi ambayo wenzake hawakuiweza, akashinda mbio za Milano–Sanremo kwa tofauti ya sekunde 2. Baiskeli yake ilikuwa ya barabarani, lakini nguzo iliyobeba siti ilitokana na baiskeli za milimani. Inaitwa dropa. Ina mabomba mawili, la juu likizama ndani ya la chini pale mwendeshaji anapobonyeza mkono mdogo kwenye usukani huku ameikalia siti. Akiinuka na kubonyeza tena, hewa iliyoshindiliwa ndani huirudisha siti juu.

Siti ikiwa chini, mwendeshaji anaweza kushusha kiwiliwili na kurudi nyuma bila siti kumzuia, na baiskeli hutulia kwenye kona na mteremko mkali. Faida hiyo ilitafutwa kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1980, huko Marin, California, Joe Breeze na Josh Angell walibuni Hite-Rite, springi iliyofungwa kwenye nguzo ya siti. Mwendeshaji alilegeza kibano, akaikandamiza siti kwa uzito wake, kisha akakaza. Kila mara ilimbidi aondoe mkono kwenye usukani.

Mwaka 2010 kampuni ya RockShox ilitoa Reverb, dropa iliyoongozwa kwa mafuta kutoka kwenye usukani. Mrija wake ulipita nje ya fremu na kujikunja kila siti iliposhuka. Toleo la Stealth lililofuata liliuingiza mrija kwa chini ya nguzo, ndani ya fremu. Dropa nyingi za leo zimeshika njia hiyo, ila nyingi hutumia waya wa chuma, kama ule wa gia, badala ya mafuta.

Kuifunga dropa ya namna hii kunawezekana nyumbani. Kinachowakwamisha wengi ni vipimo, na vipimo vinakuja kabla ya spana.

Cha kwanza ni kipenyo. Bomba la siti la fremu, linamoingia nguzo, mara nyingi huwa na kipenyo cha ndani cha milimita 27.2, 30.9, 31.6 au 34.9, na tofauti ya 30.9 na 31.6 haionekani kwa macho. Namba huwa imechongwa kwenye nguzo ya zamani. Isiposomeka, kipimo cha venia kitaitoa. Cha pili ni urefu wa kushuka. Mwendeshaji aweke siti kwenye kimo chake cha kukanyagia, kisha apime kutoka ukingo wa juu wa kibano hadi kwenye reli za siti. Tuseme amepata milimita 210, na kichwa cha dropa pamoja na kola yake vinachukua 50. Dropa ya 150 itahitaji 200, hivyo itakaa. Ya 175 itahitaji 225, na miguu yake haitazifikia pedeli vizuri. Cha tatu ni kina. Bomba la siti huweza kupinda au kukatizwa na bolti ya egemeo la shokamzoba, na ndani humo lazima pia kienee kifaa kinachovutwa na waya chini ya dropa.

Baada ya hapo ndipo kazi ya mikono inapoanza. Ganda la waya huingia kwenye tundu karibu na usukani, hushuka kwenye bomba la chini la fremu, hupita penye beringi za pedeli, kisha hupanda bomba la siti. Pale penye beringi ndipo linapokwama, kwa kuwa ni lazima likate kona kali. Kuna mafundi wanaotumia waya wenye ncha ya sumaku, wakiuvuta kwa sumaku nyingine kutoka nje. Njia hii hufanya kazi kwenye alumini na kaboni. Kwenye fremu ya chuma sumaku hung'ang'ania ukuta wa bomba. Wengine hufunga uzi mwepesi na kuunyonya kwa mashine ya kufyonzea vumbi. Ganda likigoma kabisa, ni afadhali kufungua beringi kuliko kulilazimisha hadi livunjike kwa ndani.

Ganda lisikatwe mapema. Kwanza usukani ugeuzwe hadi mwisho pande zote mbili, na kwenye baiskeli yenye shokamzoba ya nyuma, shokamzoba ikandamizwe ili ionekane kama kuna mahali waya unajivuta. Likishakatwa, kitundu chake huwa kimebanwa na koleo. Ncha ya msumari mwembamba hukifungua kabla ya kofia kuvishwa. Zipo dropa ambazo kichwa cha waya hukaa chini ya nguzo, na nyingine hukaa kwenye mkono, kwa hiyo mchoro wa mtengenezaji uangaliwe kabla ya kukata chochote.

Dropa inapoteremshwa ndani ya fremu, mkono mmoja uisukume na mwingine uvute ganda taratibu upande wa usukani. Bila hivyo ganda hujikunja chini ya nguzo, na siti haitafika kimo kilichopimwa. Kwenye alumini paka grisi kidogo. Kwenye kaboni tumia losheni maalumu yenye chembechembe za kuzuia kuteleza. Alama ya kina cha chini kabisa isionekane nje ya fremu.

Kibano kikazwe kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji, mara nyingi nyutoni-mita 5 au 6, kwa spana yenye kipimo. Kikizidishwa, bomba la chini la dropa hubanwa na siti hurudi juu kwa uvivu. Wengi hudhani dropa imeharibika, kumbe dawa ni kulegeza bolti robo mzunguko. Waya nao ukiwa umekaza mno, siti huzama yenyewe kwa sababu valvu ya ndani ya dropa haifungi. Ukilegea mno, mkono hubonyezwa na siti isisogee. Mkono uwe na mchezo mdogo, kama milimita 1, kabla waya haujaanza kuvuta.

Siku za mwanzo waya mpya hulegea kidogo, nao hurekebishwa kwa kuzungusha skrubu ndogo kwenye mkono. Baiskeli isiinuliwe kwa kushika siti ikiwa imeshushwa, maana baadhi ya dropa huvuta hewa kwenye mafuta yaliyo ndani yake na kuanza kubonyea. Mkono ukiwa mzito baada ya misimu ya matope, cha kubadilishwa kwanza ni waya na ganda lake, na ganda la zamani lisitolewe kabla jipya halijaunganishwa nalo ncha kwa ncha ili lifuate njia ileile.