Mungu Anayengoja Juu ya Tofali

Katika hekalu la Pandharpur, jimboni Maharashtra, India, Vitthal amesimama juu ya tofali, mikono kiunoni. Waumini husimulia kwamba alipomjia kijana Pundalik, alimkuta akiwahudumia wazazi wake. Pundalik hakuiacha kazi. Alimrushia tofali la kusimamia, akamwomba angoje. Mungu hakukasirika. Angali anangoja.

Hiyo ndiyo bhakti, mapenzi ya mja kwa Mungu wake, nayo ni mapenzi yasiyo na woga. Janabai, mtumishi nyumbani kwa mshairi Namdev, alimwimbia Vitthal huku akisaga nafaka, na katika nyimbo zake Mungu mwenyewe hushika mpini wa jiwe amsaidie. Kuna siku Janabai humjia juu Mungu huyo na kumkaripia waziwazi, kama mtu waliyezoeana naye tangu utotoni.

Kila mwaka, Juni au Julai, maelfu kwa maelfu huenda Pandharpur kwa miguu, wengi wao wakulima. Toka Alandi ni kilomita 250 hivi, safari ya kama wiki tatu. Hubeba makubadhi ya Dnyaneshwar, mtakatifu wa karne ya 13. Toka Dehu huja ya Tukaram, mwenye duka wa karne ya 17. Shingoni wamevaa shanga za mti wa tulasi, mikononi matoazi, na baadhi ya wanawake wamejitwika mche wa tulasi kichwani. Wakikutana, huinamiana na kugusana miguu, mzee kwa kijana, bila kuulizana tabaka.

Mlangoni mwa hekalu, hata hivyo, tabaka liliulizwa. Chokhamela, wa karne ya 14, alikuwa Mahar, watu waliohesabiwa najisi, kwa hiyo aliimba akiwa nje. Inasimuliwa kwamba ukuta alioshurutishwa kuujenga ulipomwangukia akafa, Namdev aliitambua mifupa yake kwa kuwa ilikuwa bado ikilitaja jina la Vitthal. Akaizika chini ya ngazi za hekalu. Nje, hata baada ya kifo! Siwezi kuusoma mkasa huu bila kuumia.

Mwaka 1947 mwalimu na mpigania uhuru Sane Guruji aligoma kula mpaka Wadalit, watu wa matabaka yaliyohesabiwa najisi kama la Chokhamela, walipofunguliwa mlango wa hekalu. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya 600 tangu Chokhamela afariki, na mahujaji walikuwa wakiziimba nyimbo zake njia nzima.