INTANETI YAFIKAJE KIJIJINI?

Katika likizo iliyopita wanafunzi wengi wa shule hii walikwenda makwao vijijini, na waliporudi tulisikia habari zinazofanana. Mmoja alisema ya kuwa kwao mtu akitaka kutuma ujumbe hana budi kupanda kichuguu kilicho nyuma ya shule ya msingi. Wa pili alisema kwao simu hulia vizuri, lakini picha haifunguki hata usiku wa manane. Wa tatu atoka kijiji chenye mnara mpya kabisa, ila nyumbani kwao hakuna simu iwezayo kuutumia. Wote watatu husema, "Kwetu hakuna mtandao," kumbe kila mmoja ana shida yake mbali. Makala haya yataeleza shida hizo moja moja, maana asiyejua ugonjwa hawezi kuchagua dawa.

Wala si jambo la mchezo. Siku hizi matokeo ya mitihani, orodha za waliochaguliwa Kidato cha Tano, na maombi ya mikopo ya elimu ya juu, yote yamo mtandaoni. Mtoto wa mjini huyaona akiwa amekaa sebuleni. Mwenzake wa kijijini hupanda basi, akalipa nauli ya kwenda na kurudi, kisha akamlipa mwenye duka la stesheneri amjazie fomu. Na fomu ikijazwa vibaya, safari huanza upya. Wamefanya mtihani mmoja, lakini baada ya mtihani njia zao si sawa.

Sasa tuitazame njia yenyewe. Watu wengi hudhani kwamba intaneti hutoka angani. Kwa kweli sehemu kubwa ya safari yake hupita chini ya bahari na chini ya ardhi. Kabla ya mwaka 2009 pwani yetu ya Afrika ya Mashariki ilitegemea setilaiti, na bei ilikuwa kubwa mno. Mwezi wa Julai mwaka ule waya wa Seacom ulianza kazi, ukiwa umetua Dar es Salaam na Mombasa. Mwaka 2010 ukafuata ule wa EASSy. Ndani ya nyaya hizo mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na habari hupita humo kwa njia ya mwanga, ambao ndani ya kioo huenda kilometa 200,000 hivi kwa kila sekunde.

Kutoka pwani, Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano huchukua nyuzi za namna hiyo hiyo mpaka mikoani. Twaweza kuufananisha na Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914, mwendo wa kilometa 1,250 hivi. Mwanga ndani ya uzi wa kioo humaliza mwendo kama huo kwa muda usiofika sehemu moja ya mia ya sekunde. Lakini reli haifiki mlangoni kwa kila mtu. Mwenye gunia lake la mpunga sharti alifikishe stesheni kwanza. Hali kadhalika Mkongo: waweza kupita wilayani kwenu, na kijiji chenu kisipate kitu. Shida zetu tatu zimo katika kipande hiki cha mwisho, yaani kutoka stesheni mpaka nyumbani.

Shida ya kwanza ni ya yule wa kichuguuni: mnara uko mbali. Mawimbi ya mnara wa simu hufika kilometa chache tu kwa nguvu, na mlima ukiwa katikati huyazuia. Basi kwa nini mnara mwingine haujengwi? Tufanye hesabu ndogo. Tuseme mnara mmoja mjini wahudumia watu 10,000, na mwingine kijijini watu 500. Hata kama gharama zao ni sawa, kila mtu wa kijijini atabeba mzigo mara 20 kuliko wa mjini. Na kwa kawaida gharama haziwi sawa, kwa kuwa kijijini huenda ikahitajika barabara ya kupandishia vyuma, na umeme wa jua au jenereta ya dizeli. Kampuni ikiachiwa faida peke yake iiongoze, haitakwenda huko.

Kwa sababu hiyo Tanzania ilitunga sheria mwaka 2006 ya kuanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Makampuni ya mawasiliano huchangia Mfuko huo kutoka mapato yao, nao hutoa ruzuku ili minara ijengwe mahali pasipo na faida. Mwezi wa Mei 2023 mikataba ya minara 758 ya vijijini ilitiwa sahihi mjini Dodoma. Tena ufundi wenyewe si kizuizi. Mwezi wa Agosti 2022 intaneti ya kasi ilizinduliwa katika Mlima Kilimanjaro, Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Ikiwa imefika huko, yaweza kufika bondeni pia. Swali ni nani atalipa.

Shida ya pili ni ya yule ambaye simu yake hulia lakini picha haifunguki. Huyu mnara anao, ila njia ni nyembamba. Minara ya zamani ya kizazi cha pili ilifanywa hasa kwa sauti na ujumbe mfupi. Dawa yake si kujenga mnara mwingine, bali ni kubadili mitambo iliyo juu yake iwe ya kizazi cha tatu au cha nne. Lakini hata hapo kuna mtego. Mnara nao sharti uunganishwe na Mkongo, ama kwa uzi wa kioo, ama kwa madishi yanayotazamana kutoka kilima hadi kilima. Ukiweka bomba pana nyumbani kwako, na bomba la barabarani ni jembamba, maji hayataongezeka. Na maji hayo hayo wote huyagawana. Ndiyo sababu jioni, watu warudipo kutoka shambani na kushika simu, mwendo huwa wa kobe.

Shida ya tatu ni ya mfukoni. Mnara upo na njia ni pana, lakini mtu ana kitochi tu, au ana simu janja na hana fedha ya kifurushi. Umoja wa Mataifa, kwa njia ya tume yake ya intaneti ya kasi, uliweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2025 bei ya huduma ya chini isizidi asilimia 2 ya wastani wa pato la mtu kwa mwezi. Lengo hilo ni jema, lakini mkulima hapati pato la kila mwezi. Hupata wakati wa mavuno, na kifurushi huisha kila wiki.

Pengine msomaji atauliza, je, hakuna njia ya mkato? Zimejaribiwa. Nchini Kenya, mwezi wa Julai 2020, kampuni ya Loon ilirusha mabaluni yaliyoelea kilometa 20 hivi juu yakitoa intaneti. Yalifanya kazi, lakini mwezi wa Januari 2021 kampuni ikatangaza kufunga shughuli, kwa kuwa gharama hazikushuka vya kutosha. Zipo pia setilaiti mpya zizungukazo kilometa 550 hivi juu ya dunia, badala ya zile za kilometa 36,000, na huduma ya namna hiyo ilianza Kenya mwaka 2023. Dishi moja laweza kuifaa shule au zahanati iliyo mbali na kila mnara. Hata hivyo bei hurudi pale pale katika shida ya tatu, isipokuwa watu washirikiane.

Ushirikiano huo waweza kuanza shuleni. Kompyuta moja yenye nafasi ya kutosha yaweza kuhifadhi vitabu vilivyoruhusiwa kupakuliwa. Vikishapakuliwa mara moja, darasa zima huvisoma kwa mtandao wa ndani ya shule, bila kununua kifurushi kila siku. Siku ya maombi ya mikopo, shule yenye kiungo kimoja tu yaweza kuwaokoa wanafunzi mia na nauli zao.

Basi, ndugu wanafunzi, mwendapo likizo, ulizeni kwenu ni shida ipi. Wazazi nao waijue, ili wakikutana na diwani au mbunge wasiseme tu, "Hatuna mtandao." Waseme, "Mnara wa karibu uko kilometa 15," au "Mnara upo, lakini ni wa sauti tu," au "Mtandao upo, lakini shule yetu haina kompyuta." Anayetaja shida yake sawasawa ndiye awezaye kudai jibu lililo sawasawa.