Masurufu ya Vagabond

Sogeeni, wanangu, na hiyo pedi iwekeni chini kidogo. Kabla hamjabonyeza kitufe cha kuanza, nataka tukae kwenye ukurasa ambao wengi wenu mnaupita mbio: ule wa kuchagua mhusika.

Gemu yenyewe ni Elden Ring, iliyotoka Februari 2022, kazi ya kampuni ya Kijapani FromSoftware chini ya mwongozaji Hidetaka Miyazaki. Huko Ulaya imepewa alama ya miaka 16, kwa hiyo nyie wadogo sikilizeni tu, zamu yenu itafika. Ukiianza, wahusika 10 wanajipanga mbele yako. Yupo Samurai na upanga wake uliopinda. Yupo Astrologer, mtazama nyota arushaye vijiwe vya nuru kutoka mbali. Yupo Wretch, maskini asiye na nguo mwilini, mkononi ana rungu basi. Na yupo Vagabond, askari aliyefukuzwa kwao, amejaa chuma kuanzia utosini hadi nyayoni.

Anayeanza namtakia huyu Vagabond.

Watoto wengi huchagua kana kwamba wanachagua ukoo wa kuzaliwa, wakidhani aliyeanza na upanga atazeeka na upanga. Kumbe mhusika wa mwanzo ni masurufu tu, ule mkate na maji unaofungiwa na mama siku ya safari. Huko mbele Vagabond anaweza kujifunza uchawi, na mtazama nyota akabeba ngao. Basi jiulize ni kifurushi gani kitakufikisha siku ya tatu ungali hai.

Vagabond anaanza na Vigor 15, yaani uhai, na hakuna kati ya wale 10 anayemzidi. Astrologer ana 9. Tofauti hiyo ndiyo inayokununulia nafasi ya kukosea, na anayejifunza atakosea sana. Tena ana ngao, Heater Shield, inayozuia asilimia 100 ya pigo la kawaida la silaha. Lakini ngao nayo hula pumzi: kila pigo unalolizuia hupunguza ule mstari wa kijani, na ukiisha unabaki wazi kama mlango wa soko. Ukishazuia, bonyeza papo hapo pigo zito. Vagabond atajibu kwa upanga kabla adui hajajikusanya. Fanyeni zoezi hilo mpaka vidole vizoee, maana litawaokoa mara nyingi.

Sasa hili linalowaponyoka wengi. Vagabond anaanza akiwa amejitwisha kupita kiasi. Ana Longsword, ana Halberd ambalo ni shoka la mpini mrefu, ana ngao, ana deraya nzima. Mzigo unapita asilimia 70 ya anachoweza kubeba, na hapo akijiviringisha kukwepa pigo huanguka kama gunia linalotupwa kutoka kwenye lori. Chini ya 70 anaviringika vizuri. Chini ya 30 ni mwepesi kama paka. Kwa hiyo kabla ya kumvisha shujaa wako chochote, mvue! Toa Halberd mkononi, litie mfukoni. Kinachohesabiwa ni kilichovaliwa na kilichoshikwa. Cha mfukoni hakina uzito.

Ukitoka kwenye pango la mwanzo utaiona nchi ya Limgrave, na njiani anapita mpanda farasi mwenye deraya ya dhahabu, Tree Sentinel. Mwache apite. Najua mikono inakuwasha, lakini zunguka kando yake uende kwenye magofu ya Church of Elleh, palipo na mchuuzi na fuawe ndogo. Mawe ya kuimarisha silaha, Smithing Stone, utayaokota njiani na mapangoni. Mawe 2, pamoja na runi kidogo, hupandisha Longsword daraja la kwanza, 4 la pili, 6 la tatu, na fuawe ile haivuki hapo. Deraya haiimarishwi kwa mawe, basi usiyatawanye kwenye silaha nne. Lisha upanga mmoja ushibe.

Na runi zenyewe ndizo fedha, ndizo pia ngazi ya kupandia viwango. Ukifa hubaki pale ulipoanguka. Ukifa tena kabla hujazifikia, zimekwenda. Mimi ningezitia kwenye Vigor kwanza, hadi 20 hivi, ndipo nifikirie nguvu za mkono.

Siku utakapokuwa na farasi wako Torrent, na upanga una alama ya +3, rudi kwa yule wa dhahabu. Mzunguke, piga, ondoka, rudi tena. Akianguka atakuachia Golden Halberd, shoka zuri kuliko lile ulilolivua siku ya kwanza. Utalisoma: linataka nguvu 30. Wewe ulianza na 14. Litie mfukoni, karibu na lile la zamani.