Mashine ya Kukunia Nazi: Mbuzi Iliyofungwa Mota

Mashine ya kukunia nazi ni mota ya umeme yenye kichwa cha chuma chenye meno kwenye ncha ya shafti. Katika masoko ya Dar es Salaam, Unguja na Mombasa mnunuzi hukuniwa nazi papo hapo, na si chache kati ya mashine hizo zimeundwa na mafundi wa mtaani. Kwenye mbuzi ya kawaida meno hutulia na mkono ndio unaozungusha nazi. Hapa meno huzunguka, mkono hushika kifuu.

Cha kuamua kwanza ni mota. Ile ya blenda iliyokufa huvutia kwa kuwa ni ya bure, lakini haifai. Bila mzigo huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, hurusha nazi ukutani, na hupata moto ikifanya kazi mfululizo. Bora ni mota ya induksheni ya ncha nne za sumaku, nusu hosipawa, yaani wati 370 hivi. Kwa umeme wa hezi 50, uga wake wa sumaku huzunguka mara 1,500 kwa dakika, na shafti huufuata kwa nyuma kidogo, karibu mara 1,400. Kichwa cha kipenyo cha sentimeta 5 hupitisha meno ya ukingoni kwa kasi ya mita 3.7 hivi kwa sekunde, ilhali katikati kabisa hakuna mwendo wowote. Ndiyo maana kichwa huviringwa, ili nazi ikunwe na ubavu.

Umeme wa nyumbani, ambao ni wa fezi moja, hauwezi peke yake kuanzisha mzunguko wa mota ya induksheni. Kapasita huufanya mkondo wa koili ya pili upishane kiwakati na wa koili kuu, na mota huanza kuzunguka. Mota ikinguruma bila kuzunguka, kapasita ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Mota hufungwa kwa bolti kwenye fremu nzito, shafti ikilala. Kichwa kiwe cha chuma kisichoshika kutu, na nati yake ikazwe na ukinzani wa nazi badala ya kulegezwa nao. Bati husimamishwa kati ya kichwa na mota kuzuia majimaji. Waya wa ethi hufungwa kwenye fremu, na swichi huwekwa karibu na mkono usioshika nazi. Mikono mirefu ya nguo na ncha za kanga hukunjwa kabla ya kuwasha.

Meno madogo hupasua nyama ya nazi vizuri zaidi, na tui huwa zito, kwani karibu theluthi ya nyama hiyo ni mafuta. Kukuna hukoma kabla ya kufikia ngozi ya kahawia, la sivyo tui hupoteza weupe wake. Kazi ikiisha, plagi huchomolewa na meno husuguliwa kwa brashi, maana mabaki huchacha upesi.