Unene wa Ganda la Chuma

Karakana iko Changamwe, Mombasa, nyuma ya gereji za malori. Asubuhi moja kijana mmoja alikuwa akichonga flanji ya pampu kwa mashine ya CNC, yaani inayoongozwa kwa namba na kompyuta. Alikuwa amekaa miezi akijifunza programu ya CAM kwenye laptopu: unaionyesha umbo la kifaa, unaieleza una kisu gani, nayo inapanga njia ambayo kisu kitapita na kuiandika kwa lugha ya mashine, mstari baada ya mstari. Kwenye skrini kila kitu kilikwenda vizuri. Kwenye chuma, kisu kilitoa mlio mwembamba wa kukera masikio, na mezani palianguka unga wa kijivu.

Fundi wa leth, mashine ya kukereza, mzee wa makamo, aliacha kazi yake akaja.

"Mwanangu, hiyo inalia. Umeifanya nini?"

"Nimepunguza mwendo, baba. Naogopa kisu kisije kikavunjika."

"Basi ndio unakiua. Ongeza, kiache kiume."

Kijana akaongeza. Mlio ukashuka ukawa mzito, na badala ya unga yakaanza kuruka maganda mafupi yaliyojikunja, ya moto. Mzee akarudi kwenye leth yake bila neno jingine.

Aliyeanza jana hawezi kuamini kwamba upole unaharibu kisu. Lakini mtu yeyote aliyekata nyanya kwa kisu butu anajua: nyanya inabonyea, inapasuka, haikatiki. Makali ya kisu chochote, hata kipya, ukiyatazama kwa hadubini utaona yana mviringo mdogo. Ganda unalotaka kulitoa likiwa jembamba kuliko mviringo huo, makali hayapati pa kuingilia. Yanasugua tu, na msuguano ni joto. Kisu kinapouma sawasawa, sehemu kubwa ya joto hutoka na ganda lenyewe. Kinaposugua, hakuna ganda la kulibeba, basi joto linabaki kwenye makali. Pale pale Changamwe, wachongaji wa vinyago wa ushirika wa Akamba ulioanzishwa mwaka 1963 wanalijua jambo hili kwa mkono: tezo ikipigwa kwa woga huteleza juu ya mti.

Tupige hesabu ya kijana yule. Kisu chake kilikuwa cha HSS, chuma kigumu cha kutengenezea visu, kipenyo milimita 10, meno manne. Kwa chuma laini, makali yanaweza kwenda mita 30 hivi kwa dakika. Gawa kwa mzingo wa kisu, unapata kama mizunguko 955 kwa dakika. Ukitaka kila jino litoe ganda la milimita 0.05, zidisha: 955 mara 4 mara 0.05, yaani kisu kisogee milimita 191 kwa dakika. Yeye aliacha mizunguko kama ilivyo, akashusha kusogea hadi 40. Kila jino likabaki na milimita 0.01 tu, jembamba kuliko hata unywele wa kichwani.

Kasi ya kuzunguka nayo ina sheria yake, na aliyeigundua ni Mmarekani Frederick Winslow Taylor. Alianza majaribio mwaka 1880 katika kiwanda cha chuma cha Midvale, Philadelphia, akaendelea kwa miaka 26, na Desemba 1906 akawasomea wahandisi wenzake matokeo. Kufikia hapo alikuwa amegeuza zaidi ya tani 350 za chuma kuwa maganda. Aligundua kwamba umri wa kisu haupungui polepole kasi inapopanda, unaporomoka. Kwa kisu cha HSS, ongeza kasi ya makali kwa moja ya tano tu, na umri wake unashuka chini ya robo. Kisu kilichotarajiwa kufanya kazi saa nzima kitakwisha kabla ya dakika 15.

Mwanahisabati wake, Carl Barth, akaziweka hesabu hizo kwenye rula ya kutelezesha, ili jibu lipatikane haraka. Mimi naiona rula ile kuwa bibi wa programu za CAM. Lakini Taylor alikuwa na nia nyingine, na hakuificha: alitaka maarifa ya fundi yahamie ofisini, fundi abaki kufuata karatasi. Hapo ndipo ninapotofautiana naye. Baada ya rula ile, safari iliendelea: mashine ya kuchonga inayoongozwa kwa namba ilionyeshwa katika chuo cha MIT mwaka 1952. Kwetu Kenya, mradi wa kutengeneza gari la Nyayo ulizaa kiwanda cha Numerical Machining Complex jijini Nairobi mwaka 1994. Leo programu kama FreeCAD inapatikana bure kwa yeyote mwenye kompyuta. Tunachokosea ni kudhani masomo ya CAM ni ya vijana wa kompyuta peke yao. Programu inakubali namba yoyote utakayoiandikia. Haijui kwamba mashine yako imelegea, wala kwamba chuma ulichonunua kina sehemu ngumu kama jiwe. Anayejua ni yule aliyesimama miaka mbele ya leth akichonga shafti za boti za Likoni na puli za mashine za posho za Kisauni, na sikio lake limeshajifunza.

Mchana nilimkuta mzee ameketi kwenye kiti cha kijana, miwani puani, anaifuata njia ya kisu kwenye skrini kwa kidole chenye grisi.

"Hapa kwenye kona," akauliza, "kisu si kinabanwa pande mbili?"

Kinabanwa kweli. Kikienda moja kwa moja, sehemu ndogo tu ya mzingo wake iko ndani ya chuma. Kikiingia kona ya ndani, sehemu hiyo inaongezeka ghafla, na wengi huvunja visu hapo hapo. Kijana akamwonyesha njia ya aina nyingine, ambayo programu inakizungusha kisu kwa viduara vidogo vidogo, kila kimoja kinamega kidogo, ili mzigo usibadilike toka mwanzo wa kona hadi mwisho. Mzee akaitazama mara mbili, kisha akataka aoneshwe mahali pa kuandika unene wa ganda.