Tahadhari ya Upepo Mkali kwa Wasafiri wa Njia ya Ikoma

Watumishi wa Serikali na wananchi wa Ukerewe wanaovuka kutoka Rugezi hadi Kisorya, kisha kuendelea kupitia Bunda na Nata hadi Ikoma, wanakumbushwa kwamba upepo hauishii ziwani. Mkazi wa kisiwani huahirisha safari ya mtumbwi aonapo wingu jeusi. Huyohuyo, akishapanda pikipiki nchi kavu, hulidharau.

Wingu la radi linapomwaga mvua, hewa iliyopoa huporomoka na kutawanyika ardhini kwa kasi, ikiitangulia mvua yenyewe. Katika mbuga za Ikoma, ambako njia haina kinga, dalili yake ni ukuta wa vumbi. Tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutaja mara kwa mara upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa. Ieleweke kwamba kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne.

Lori tupu lenye turubai huyumba kuliko lililosheheni. Aliye hatarini zaidi ni mwendesha pikipiki anayelipita lori: hukingwa na upepo kwa muda mfupi, kisha hupigwa ghafla anapotokeza mbele. Mabati na magodoro yasibebwe kabisa kwa pikipiki siku hizo.

Vumbi likiziba njia, dereva atoke barabarani na kuwasha taa za tahadhari, wala asiegeshe chini ya mti. Mwenye pikipiki ajihifadhi ndani ya nyumba au gari lililo karibu. Mtumishi atakayechelewa kwa sababu hiyo amwarifu mkuu wake wa kazi mapema iwezekanavyo.